Nani Kakwambia Ni Yeye?

Mwaka 1934 mtunga mafumbo mmoja wa Uingereza, Edward Powys Mathers, alitoa hadithi ya upelelezi yenye kurasa 100 tu. Aliiita Cain's Jawbone, yaani Taya la Kaini. Kurasa zenyewe alizichanganya makusudi, kama mtu anavyochanga karata, zikachapwa hivyo hivyo. Ndani yake wamo watu 6 waliouawa. Kazi ya msomaji ni kuzipanga kurasa zikae sawa, halafu ataje nani kauawa na nani kaua. Ukisema ubahatishe utazeeka: namna za kupanga kurasa 100 ni namba yenye tarakimu 158. Wakati ule walifaulu watu wawili. Kitabu kikasahaulika, kikachapwa upya mwaka 2019, na mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa ajili ya korona, mwandishi wa vichekesho John Finnemore akazimwaga kurasa zake na kuzipanga kwa miezi kadhaa mpaka akapata. Wenye kitabu hawakulichapisha jibu.

Mimi kilichonivuta si ugumu wake. Ugumu hata hesabu za kidato cha nne zinao. Kilichonivuta ni lile sharti: jina la muuaji peke yake halipokelewi. Unaweza kuja na jina, ukaapa kwa mama yako, lakini kama kurasa zako hazijapangana, jina lako ni porojo. Kurasa nazo hazipangiki mpaka umeng'amua neno hili limechukuliwa wapi, huyu anayesema "mimi" ni yupi, siku ile ilikuwa siku gani. Fumbo moja linashika mkono wa fumbo jingine.

Na hapa, ndugu msomaji, nina kijambo cha pembeni. Mathers alipokuwa akitunga mafumbo ya gazeti la Observer, kuanzia 1926 mpaka alipofariki 1939, alijiita Torquemada. Huyo Torquemada halisi alikuwa mkuu wa mahakama za dini za Hispania katika karne ya 15, mahakama zilizokuwa zikiwatesa watu mpaka waungame na kutaja majina ya wenzao. Sijui kama mtani wetu aliona utani wake unavyouma. Mmoja alipata majina kwa kamba na maji. Mwingine akatunga kitabu ambacho jina halipatikani mpaka kila ushahidi umekaa mahali pake.

Mtasema: bwana wee, Mbamba Bay na Taya la Kaini wapi na wapi? Basi nitasogea nyumbani.

Sisi tumelelewa na vitendawili. Mzee akisema "Kitendawili!" na watoto wakajibu "Tega!", mkataba umeshawekwa. Ukishindwa, unatoa mji. Unatoa Mbinga, mzee anaukataa, unatoa Songea, anakaa nao kidogo, anajisifu alivyopokelewa huko, ndipo anakufungulia. Watu huchukulia habari ya mji kuwa ni mapambo ya mchezo. Mimi naona ndiyo roho yake. Mji ule ni bei ya kutojua. Anayetoa mji amekiri mbele ya watu kwamba hakujua, na hakuna aibu, kesho ni zamu ya mwingine. Mchezo hauna nafasi kwa mtu anayesema "jibu ni hili" kwa sababu tu ana sauti nene.

Hebu tega kimoja nilichokitunga kwa ajili ya ufukwe wetu: Moshi ziwani, moto hauonekani, ukifika nchi kavu, waliwa. 

Nusu ya kwanza ina majibu mengi. Ukungu wa asubuhi, sawa. Meli iliyo mbali, sawa, hasa kwa wazee wanaokumbuka meli za moshi. Vumbi la maji mwera ukichachamaa, si vibaya. Kila mmoja anaweza kusimama akapiga kifua. Lakini nusu ya pili inawafukuza wote: nani kala meli? Anayebaki ni wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya Ziwa Nyasa kwa mamilioni, wingu jeusi refu kama pori linaungua katikati ya maji. Upepo ukiwaleta pwani, watu huwakamata, huwafinyanga na kuwapika. Ng'ambo kule Malawi wanaitwa nkhungu, na neno hilo hilo kwa lugha ya kule ni ukungu. Yaani aliyejibu "ukungu" alikuwa jirani kabisa na jibu, akiwa bado amekosa. Nalipenda kosa hilo. Linaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuwa karibu na ukweli kiasi cha kushika nguo yake, na bado akawa amemshika mtu mwingine.

Sasa twende maskani. Maskani kwetu ni pale kwenye kivuli karibu na wanapoanika dagaa. Hatuna duka la vitabu, kitabu hutujia kimeshapita mikono mingi, na kitabu kilichopita mikono mingi huwa kimetoa sadaka kurasa zake: moja imefungia karanga, nyingine imesokotewa tumbaku. Siku moja ikaingia riwaya ya upelelezi isiyo na jalada. Jina la kitabu hakuna, la mwandishi hakuna, na inakatika ukurasa wa 142, mpelelezi ndiyo kwanza kawakusanya watu sebuleni. Jamani! Kuna mateso kuzidi hayo?

Washikaji walianza palepale kutoa majina. Mmoja alimtaja mpangaji wa chumba cha uani. Kwa nini? "Kwa sababu ni mgeni, na hasalimii." Mwingine akamtaja mke mdogo wa marehemu. Kwa nini? "Wanawake wa namna hiyo tunawajua." Nikawatazama. Hawa ni vijana wazuri, hakuna katili hata mmoja, lakini watu wa karatasi walikuwa wakinyongwa hapo kwa dakika mbili mbili.

Fundi baiskeli wetu, mtu mpole, ndiye aliyeleta utaratibu. Alichukua boksi la sabuni akalipasua, akaandika majina ya wote waliomo, na mbele ya kila jina mistari ya saa, mahali, na alichosema. Akatangaza sheria: anayetaja jina alipitishe kwenye kurasa zote 142, na ukurasa mmoja ukilikataa, jina linafutwa. Ilituchukua wiki nzima ya jioni. Yule mgeni asiyesalimia alifutwa siku ya kwanza: ukurasa wa 30 na kitu unasema alikuwa kwenye chombo usiku ule, na ukurasa mwingine, katika maneno ya mtu asiyehusika kabisa, unathibitisha kwa bahati tu kwamba chombo kilichelewa. Mke mdogo alidumu siku tatu. Mwisho tulibaki na watu wawili, na hakuna neno kitabuni la kumtoa mmoja kati yao. Basi tukaandika wawili. Wapo waliolalamika kwamba huo si mwisho. Kweli, si mwisho, lakini ndipo ushahidi ulipoishia.

Kijana mwingine, mwenye simu nzuri, alikuwa anatuchelewesha kwa swali moja: "Nikimpata mtu aliyekisoma, akaniambia jina, si tumemaliza?" Ni swali la haki, lisipuuzwe. Jibu sahihi ni sahihi hata kama umeliokota.

Lakini angalieni kilichotokea Uingereza. Mwaka 1979 mchoraji Kit Williams alitoa kitabu cha picha, Masquerade, kilichoficha ndani ya michoro na maneno yake mahali alipofukia sungura wa dhahabu. Watu walichimba nchi nzima. Mwaka 1982 mtu mmoja aliyejiita Ken Thomas akamfukua sungura, karibu na mnara wa msalaba huko Ampthill. Wakati huo huo walimu wawili wa fizikia walikuwa wamelitegua fumbo lote kwa njia yake, tena walishachimba palepale bila kumwona. Mwaka 1988 gazeti la Sunday Times likafichua: yule mshindi jina lake halikuwa hilo, na mwenzake katika biashara alikuwa akiishi na mwanamke aliyewahi kuwa mpenzi wa Williams. Habari ya eneo ilitoka huko, mengine alibahatisha. Mahali alipata kweli. Sungura alikuwa wa dhahabu kweli. Ila ukimuuliza "kwa nini hapa na si pale?", hana la kusema. Na jibu lisiloweza kusema "kwa nini hapa" haliwezi kujitetea siku litakapokuwa si sahihi. Aliyelibeba hatajua hata kwamba limeharibika.

Ningekuwa naandika juu ya michezo tu, ningeishia hapo. Lakini kuna jambo linanikera, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Mvuvi katoka usiku na karabai. Asubuhi mtumbwi umeonekana peke yake. Watu wa ufukweni wanajua mambo yanayoweza kumchukua mtu: upepo uliogeuka, kilevi, nyavu iliyomzonga mguu, kifafa, na ndiyo, pengine mtu mwenzake. Ni mafumbo mengi yanayoshikana: mafuta ya taa yaliisha au yalibaki? Mtumbwi ulikutwa upande gani wa ghuba, na upepo ulikuwa wa wapi? Alikuwa na ugomvi na nani? Nani aliyemwona wa mwisho, na huyo alikuwa wapi yeye mwenyewe? Kazi ya boksi la sabuni. Badala yake, pengine siku ya pili tu, ndugu wanachanga fedha wanakwenda kwa mpiga ramli. Na mpiga ramli, tofauti na Torquemada wetu, hahitaji kurasa. Anatoa jina. Au anatoa kitu kibaya kuliko jina: "Ni mtu wa karibu. Mwanamke. Macho yake mekundu."

Macho mekundu! Usukumani ajuza wangapi wamekatwa mapanga kwa dalili hiyo moja? Mwanamke aliyepika miaka 50 kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yawe ya rangi gani? Hiyo ni nusu ya kwanza ya kitendawili. Moshi upo, kweli kabisa, na ndio umeyafanya macho mekundu. Hakuna aliyeuliza nusu ya pili.

Serikali imejaribu. Sheria ya Uchawi, ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1928 na bado imo katika sheria zetu, inamfanya mkosaji hata yule anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli, wale wanaoitwa wa ramli chonganishi. Neno zuri sana hilo, chonganishi. Ila amri inaweza kumfunga mpiga ramli, haiwezi kufunga ile njaa ya jina iliyompeleka mteja kwake. Njaa hiyo ndiyo niliyoiona maskani, kwa watu wa karatasi, kwa vijana waliokwenda shule.

Ndiyo maana nawaheshimu waandishi wetu wa upelelezi kuliko walimu wa fasihi wanavyowaheshimu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa 1918 na kufariki 1991, alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, kitabu kilichokuwa kimeshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki, alimweka maiti penye mzimu. Wenyeji wana jibu tayari, tena lina heshima ya karne nyingi. Bwana Msa anaingia na kiko chake mdomoni, na Najum wake pembeni, anaanza kuuliza maswali madogo madogo ya kuchosha. Wapo wanaosema huyo ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Na iwe hivyo. Kazi aliyoifanya ilikuwa yetu: alimwonyesha msomaji wa Kiswahili kwamba "mzimu" ni jina kama majina mengine, nalo lipitishwe kwenye kurasa zote. Na msisahau kwamba mwandishi huyo huyo alikuja kutoa kitabu kinachoitwa Kosa la Bwana Msa. Ni nadra mtunzi kumpa shujaa wake kosa, akalibandika juu ya jalada.

Sasa pingamizi, kwa sababu najua zipo. 

La kwanza ni kwamba maisha hayana mtunzi. Taya la Kaini lina Mathers nyuma yake. Kila neno kaliweka yeye, na ukivumilia vipande vitakubaliana. Ufukweni hakuna aliyepanga dalili. Mafuta ya taa yanaweza kuwa yamemwagika tu. Nakubali, na nakubali bila kusitasita. Lakini hoja hiyo inamwongezea mzigo anayetaka kutaja jina, haimpunguzii. Kama hata kitabu kilichopangwa kinaweza kutuachia watu wawili tusiweze kuchagua, je, huku ambako hakuna aliyepanga?

La pili ni zito zaidi, na sina namna ya kulipita haraka. Yule mama wa mvuvi. Ninyi mnacheza na maboksi ya sabuni, yeye mwanawe hayupo. Faili la polisi linachukua miezi, pengine miaka. Kumwambia "mama, tumebaki na majibu matatu" ni kama kumpa mtu mwenye kiu maelezo ya kisima. Mpiga ramli angalau kamsikiliza, kamshika mkono, kampa kitu cha kuondoka nacho. Nasema hivi, na anayetaka anipinge katika toleo lijalo: mama ana haki ya kuuliza kila siku mpaka mwisho wa uhai wake, na sisi tuna wajibu wa kukaa naye katika swali hilo, kupika, kuchota maji, kwenda naye kituoni mara ya kumi. Haki ambayo hana, na ambayo hakuna mtu anayo, ni ya kupewa jina lolote ili mradi ni jina. Kwa sababu lile jina nalo lina mama.

Kaskazini yetu kidogo, ufukweni huku huku, ipo Liuli. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, bandari ya Sfinksi, kwa ajili ya jabali moja lililowaonekania kama lile dude la hadithi lenye mwili wa simba na uso wa mtu. Bandari hiyo ndiyo ambamo Agosti 1914 meli ya Kiingereza ilikuja kuishambulia meli ya Kijerumani iliyokuwa ikitengenezwa, habari za vita zikiwa hazijawafikia wenyewe. Lakini mimi jabali lile hunikumbusha Sfinksi wa Wagiriki, aliyekaa njiani akitega kitendawili, na asiyejibu hakuulizwa mji, aliliwa.

Aliyemshinda ni Edipode. Hadithi yake tunayo kwa Kiswahili tangu 1971, Samuel Mushi alipoitafsiri tamthilia ya Sofokile kwa jina la Mfalme Edipode. Watu humkumbuka kwa kitendawili cha miguu minne, miwili, mitatu. Mimi namkumbuka kwa kesi ya mauaji. Mji una tauni, inatakiwa ajulikane aliyemuua mfalme wa zamani, na huyu bingwa wa mafumbo anaanza kama washikaji wangu walivyoanza: kwa hasira anamtaja Kreoni, shemeji yake, na mtabiri kipofu, bila ukurasa hata mmoja. Ushindi wa kitendawili kimoja ulimfanya aamini kwamba kichwa chake ni mahakama. Halafu anasikia neno "njia panda", kwamba mfalme aliuawa penye njia tatu, na anaanza kuuliza kwa utaratibu: lini, marehemu alikuwa wa umri gani, alifuatana na wangapi. Kila jibu linamsogelea yeye. Haachi kuuliza. Wakubwa wangapi mnawajua ambao wangeendelea?

Linabaki tumaini moja. Mtumishi aliyenusurika siku ile alisema waliofanya mauaji walikuwa wanyang'anyi, kundi zima. Edipode anasema, mtu huyo akishikilia kwamba walikuwa wengi, basi si mimi, kwani mmoja hawezi kuwa wengi. Anaitwa, anafika, ni mchungaji mzee sasa. Anaulizwa habari nyingine, ya mtoto mchanga aliyetupwa mlimani, na jibu lake ni la kutisha kiasi kwamba kila mtu anasahau. Swali la idadi haliulizwi tena. Edipode anajitoboa macho na kujihukumu.

Nilipowasimulia haya maskani, ubishi ulidumu mpaka karabai za wavuvi zikawaka. Wengi wanasema ushahidi ulitosha, yale mengine yote yalikuwa yameshakubaliana, wengi au mmoja ni maneno ya mtu mwoga aliyekimbia akamwacha bwana wake. Fundi baiskeli anasema hapana, mchungaji aitwe tena aulizwe. Mimi niko na fundi baiskeli.